Kitambaa Cheupe Nilichompokonya Nekesa

Nina miaka sitini na tisa. Ninaishi mtaa wa Mowlem, jijini, kwenye nyumba ileile ambayo marehemu mume wangu alitupangia tulipotoka magharibi mwa nchi, wakati akifanya kazi kiwandani Industrial Area. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, Wafula, ndiyo maana mtaa mzima huniita Mama Wafula.

Kwa miaka kumi na minane nilikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwetu. Wagonjwa niliwaombea. Wake waliokosana na waume zao niliwakalisha nikawasikiliza. Namshukuru Mungu kwa yote hayo. Lakini ndugu msomaji, yupo mtoto mmoja ambaye sikumsikiliza, na huyo alikuwa analala chumba cha pili nyumbani kwangu...

Nitamwita Nekesa. Si jina lake. Ni binti wa Wafula, na mama yake alipofariki aliletwa kwangu akiwa na miaka sita, kwa kuwa baba yake yuko kazini mbali. Nimemlea mimi. Ananiita Kukhu, yaani bibi, kama watoto wa kwetu wanavyoita.

Kanisani kwetu kuna desturi. Msichana wa kwaya akipata mimba kabla ya ndoa, anavua kitambaa cheupe cha kichwani, anakikunja, anamkabidhi kiongozi wa akina mama mbele ya watu wote. Kisha anakwenda kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mpaka ajifungue na kutubu. Mikono yangu hii imepokea vitambaa vya wasichana wanne. Sikuona ubaya. Niliona tunawarudisha njiani.

Nekesa alipotimiza miaka kumi na tisa alikuwa anaimba kwaya, na anasomea ushonaji kwenye chuo kimoja mtaa wa Donholm. Alianza kunenepa, hasa tumboni. Uso ukajaa chunusi. Shingo yake ikawa nyeusi kwa nyuma, weusi wa kama masizi, nami nikadhani ni uchafu. Jumamosi moja nilimkalisha kwenye karai nikamsugua shingo kwa dodoki mpaka ngozi ikachubuka. Alivumilia, machozi yakimtiririka. Weusi haukutoka. Nikamwambia msichana mzima hajui kuoga...

Halafu nikaona wembe bafuni. Alikuwa ananyoa kidevu.

Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Hapo hasa! Nitawaambia kwa nini, lakini si sasa, kwa maana hata kuandika naona haya.

Kila mwezi nilikuwa nanunua pakiti ya pedi kwa Mama Zuhura, jirani yetu Mwislamu kutoka Pwani, mwenye duka pale chini. Naiweka kwenye kabati la Nekesa bila kusema neno. Siku moja nikipanga nguo zake nilikuta pakiti nne hazijafunguliwa. Miezi minne! Tumbo limekua, siku zake hazionekani. Nilihitaji ushahidi gani tena?

Alipotoka chuoni alizikuta zile pakiti nimezipanga mezani. Nikamuuliza mwenye mimba ni nani.

"Kukhu, mimi sina mimba."

Nikamwambia asiniongopee mimi niliyezaa.

"Basi si twende tu hosi nipimwe? Hata leo. Twende."

Mara tatu aliniomba nimpeleke hospitali. Nikakataa. Kituo cha afya cha karibu kila muuguzi ananijua, na wawili kati yao ni washirika wetu. Nilijiona nimekaa kwenye foleni na mjukuu mjamzito, mimi ninayewafundisha wasichana usafi wa maisha... Nikaona heri adhabu ya benchi la nyuma, ambayo ni utaratibu, kuliko macho ya watu kwenye foleni. Mnaona jinsi moyo unavyojidanganya?

Jumapili iliyofuata nilimwita mbele. Sikumngoja mchungaji aulize. Nilitaka watu waone kwamba Mama Wafula hapendelei damu yake. Nekesa alisimama mbele yangu, akafungua kitambaa, lakini hakukikunja. Alikiacha kikining'inia mkononi, nami nikakivuta. Nilikivuta. Kisha akatembea mpaka mlangoni, na viatu vyake vikasikika kanisa zima.

Mwezi wa tano wa ile mimba niliyoihesabu mimi ukapita. Wa sita. Wa saba. Tumbo likabaki lilelile.

Watu wana midomo. Siku moja nanunua sukuma wiki, mwanamke mmoja wa kikundi chetu akaniuliza kwa sauti ya kusikika, "Mama Wafula, kwani mjukuu wako amebeba mimba ya ndovu?" Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na vijana wa pale kona, wakimwona Nekesa na kile kidevu chake, walikuwa wanamsalimia, "Niaje, mzee!" Alianza kufunika uso kwa mtandio. Akaacha kwenda chuoni.

Miezi kumi ilipotimia bila mtoto, nilipaswa kupiga magoti na kumwomba msamaha. Badala yake nilifanya jambo baya zaidi. Nilimuuliza mtoto alimpeleka wapi... Mimi! Nilimwambia damu haifichiki mbele za Mungu. Nekesa aliinua uso. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni aliyekosea mlango, akaingia chumbani. Kuanzia siku ile aliacha kuniita Kukhu. Akitaka kitu, alianza tu na neno "Samahani".

Nusu mwaka mwingine ukapita hivyo. Aliyetufungua macho ni Mama Zuhura. Alinisubiri dukani wateja waishe, akafunga mlango mdogo wa kaunta, akasema, "Dada yangu, mwaka mzima hujanunua pedi kwangu. Na mtoto hajazaa. Umempeleka kwa daktari, au umempeleka kanisani tu?"

Nikasema tumeomba sana.

"Nami naomba mara tano kwa siku. Lakini binti wa dada yangu kule Mombasa alikuwa hivi hivi. Ndevu, unene, siku zimepotea. Dua tulimfanyia, na hospitali tulimpeleka. Mungu kwani kakuzuia mguu?"

Nilikwenda kugonga mlango wa Nekesa, nikamwambia kama bado anataka, twende. Alinijibu kwamba alitaka mwaka jana. Lakini alivaa viatu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa kuwa binti yangu. Alimuuliza Nekesa siku zake zilianza lini, zinakuja baada ya muda gani, nywele za kidevu zilianza lini. Akampima kama ana mimba. Hakuna. Akamtazama shingo, akasema ule weusi si uchafu, ni dalili kwamba mwili hautumii sukari vizuri. Nilitazama chini. Nekesa naye aligusa shingo yake, palepale nilipomsugua.

Kisha daktari akanigeukia. "Mama, kuna mwanamke mwingine katika familia aliyekuwa na nywele usoni, au siku zisizoeleweka, au aliyechelewa kupata mtoto?"

Nikasema hakuna.

Ndugu msomaji, huo ulikuwa uongo. Nilikaa miaka tisa katika ndoa kabla ya kumpata Wafula. Siku zangu zilikuwa zinapotea hata miezi mitano, nikidhani mimba, nikilia zikirudi. Na tangu ujana wangu ninacho kibano kidogo ambacho nimekificha kwenye kikopo cha sindano. Kila Jumamosi, mlango ukiwa umefungwa, nang'oa nywele za kidevu ili Jumapili nisimame mbele ya watu nikiwa safi. Mume wangu alikufa bila kujua. Nilipoona ule wembe bafuni nilijua nikionacho. Nilikijua! Lakini nilipompata Wafula nilifunga mlango wa jambo lile, nikaona ni aibu yangu peke yangu, imekwisha...

Nekesa alitumwa kutolewa damu na kupigwa picha ya tumbo. Nilikaa nje kwenye benchi, nikajaribu kuomba, maneno yakakataa kutoka. Unaombaje huku umetoka kudanganya? Aliporudi na bahasha, nilimshika mkono tukaingia pamoja. Nikamwambia daktari, mbele yake, kwamba nilisema uongo. Nikaeleza yote, hata kibano.

Nekesa aligeuza kichwa. "Miaka yote hiyo?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Na ukanipeleka benchi la nyuma."

Nikasema ndiyo.

Daktari akatueleza polepole. Picha na vipimo vya damu vilionyesha homoni zimevurugika, na mayai kwenye ovari hayakomai inavyopaswa, yanabaki kama vifuko vidogo vidogo. Ugonjwa huo madaktari wanauita PCOS. Alisema si laana wala si dhambi, na wanawake wengi wanao bila kujua. Hauna dawa ya kuumaliza mara moja, lakini unatunzwa: vidonge vya kurekebisha siku, chakula, mazoezi, kuangalia sukari. Alimwambia akiacha miezi mingi ipite bila damu, mfuko wa uzazi unaweza kudhurika. Na akasema wengi wenye hali hiyo huzaa, wengine kwa msaada kidogo.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mchungaji nafasi. Sikutaja ugonjwa, kwa maana Nekesa alinikataza wakati ule. Haya ninayoandika ameyasoma na kuyakubali. Nilisema tu kwamba hakuwahi kuwa na mimba, na hakumwaga damu ya mtu, na kwamba shahidi wa uongo nilikuwa mimi. Kisha nikavua kitambaa changu, nikakikunja, nikamkabidhi mchungaji. Alitaka kunirudishia. Nikapita katikati ya watu nikaenda kukaa karibu na mlango. Kumbe pale upepo unapuliza miguuni, na mahubiri husikii vizuri. Miaka kumi na minane sikuwahi kujua hilo.

Nekesa hakuwepo. Siku hizi anasali kwingine, Donholm, karibu na chuo alichorudi.

Ndugu zangu, hasa ninyi wenye mvi kama mimi: msichana akikosa siku zake, kukosa huko si kesi ya kuhukumiwa. Akiota ndevu, akinenepa ghafla, shingo ikiwa nyeusi, mpeleke kwa daktari kabla hujampeleka kwa watu. Na kama uliyapitia wewe mwenyewe, mwambie. Kimya changu kilimwumiza kuliko ule wembe.

Mwezi wa nne wa dawa, nilikuwa jikoni nachambua maharagwe nikasikia sauti kutoka bafuni. "Kukhu! Niletee pedi." Nilikuwa sijaitwa jina hilo muda mrefu. Nilienda kabatini nikachukua moja ya zile pakiti nne, zile nilizozipanga mezani, nikampitishia mlangoni. Nilimshukuru Mungu nikiwa nimeegemea ukuta.

Kitambaa chake nilijaribu kumrudishia. Alikiangalia, akasema, "Kaa nacho kwanza, Kukhu. Sijafika hapo."

Kwa hiyo kila Jumamosi, baada ya kukifua, nakipiga pasi. Nakikunja, nakiweka kwenye mkoba, naenda nacho benchi la nyuma. Sijamuuliza tena. Yeye aliningoja mwaka mzima nimwamini. Sasa ni zamu yangu kungoja.