Makazi ya Mwisho ya Pamoja

Siku Chinatsu alipokuwa anakwenda Busan, Korea, kumshitaki mumewe Gyutae, alimkuta bandarini Hakata, Japani, anashuka kwenye meli ileile aliyokuwa anangoja kuipanda.

Ukumbi ulijaa watu na mabegi yao. Gyutae alivaa koti la kijivu, kola imekunjika upande mmoja kama kawaida yake. Miaka miwili hawajaonana, na Chinatsu hakusikia kitu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mkono uliolaliwa.

"Safari ya wapi, bibie?"

"Kwenu. Kukushitaki. Wakili kasema talaka inafunguliwa anakoishi mshitakiwa."

"Wangu kasema hivyohivyo. Ndiyo maana nimekuja."

"Ungepiga simu."

"Ungepokea?"

Gyutae akatoa bahasha. "Chukua. Mahakama ya hapa itakusikiliza. Hapa ndipo tulipoishi pamoja mwisho, na sheria inakubali hilo."

"Hatukuishi. Ulikuja siku kumi na mbili, kwenye msiba wa mama."

"Soma kwanza."

Ilikuwa nakala ya hati ya makazi ya manispaa. Jina la Gyutae lilikuwa chini ya la Chinatsu, kwenye anwani ya nyumba ya Chinatsu, tarehe ni siku ya tatu baada ya mazishi.

Chinatsu akampigia wakili wake, akamsomea.

"Basi usipande meli," wakili akasema. "Fungua hapahapa."

Akakata simu.

"Ulijiandikisha kwangu?"

"Nilishaacha kazi Busan. Nikawa nangoja uniambie nibaki. Wewe ukanipigia pasi mashati, ukayapanga kwenye begi."

"Nilidhani unataka kuondoka, unaona haya kusema."

"Wajinga wawili."

"Jihesabu mwenyewe." Akaitazama tena ile hati. "Barua za manispaa zenye jina lako zinakuja mpaka leo. Nikadhani wamekosea. Zimejaa droo, sijafungua hata moja."

"Sikwenda kujifuta kwenye daftari lao."

Abiria wa Busan wakaitwa. Foleni ikasogea, ikawapita. Chinatsu akaikunja hati, akaitia kwenye mkoba wake.

"Ya mahakama hiyo?" Gyutae akauliza.

"Sijui bado. Hita ya sebuleni imekufa tangu mwaka jana."

"Na mimi ndiye mkazi."

"Kwenye karatasi."

"Basi nitaitazama."

Chinatsu akanyoosha mkono, akaiweka sawa ile kola. Vidole vilikuwa vimeanza kumchoma kidogo, kama ganzi inapoachia.