Picha ya Mwewe na Uzi Mweupe

Kila alipotoka shule, Jicho, jina alilopewa nyumbani kwa jinsi asivyopitwa na kitu, alikwenda kufagia studio ya shangazi yake, mpiga picha. Akimaliza, huazimwa kamera ya zamani, lakini kwanza lazima ategewe kitendawili kilekile.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nakamata bila kugusa."

"Kamera! Shangazi, hicho nacho kimechakaa."

"Siku utakayokielewa, mwanangu, nitakitupa."

Shuleni kulikuwa na maonyesho ya picha, na Jicho alitaka mwewe akiwa angani. Jioni baada ya jioni alikaa uani shingo ikimuuma. Mwewe alipita kama jiwe lililorushwa. Kwenye picha ikabaki anga tupu, au kipande cha mkia.

"Leo umepiga nini, hewa?" wenzake walimcheka. "Mpelekeni kwa daktari wa macho!"

Maneno hayo yalimkaa rohoni kama mwiba.

Sasa, mdogo wake alikuwa na kifaranga mmoja, akimlea ndani ya boksi la viatu kando ya jiko. Alikuwa mweupe, mwenye doa jeusi mgongoni, basi akaitwa Kidoti. Alimfuata mtoto yule kila mahali, hata mlangoni pa choo.

Jumamosi moja, mdogo wake alipotumwa dukani, Jicho alimchukua Kidoti. Akamfunga mguu kwa uzi mweupe wa cherehani, na ncha ya pili akaifunga kwenye msumari wa ukuta wa ua. Kisha akakaa na kamera yake tayari. Leo alijua mwewe atashukia wapi.

Kifaranga alilia. Akajaribu kumfuata Jicho, uzi ukamvuta, akaanguka kifudifudi. Akainuka, akaanguka tena. Jicho hakusogea.

Kivuli kikapita. Jicho akabonyeza, akabonyeza. Uzi ukakatika, tak!

"Dada, umemwona Kidoti?" mdogo wake aliuliza aliporudi.

"Ametoroka. Vifaranga ndivyo walivyo."

Mtoto alizunguka uani mpaka giza likaingia, akigonga kikombe cha makombo. "Kidoti! Njoo, Kidoti!"

Shangazi alikuwa mbali kwenye harusi, hivyo msaidizi wake ndiye aliyeikuza picha ile. Siku ya maonyesho picha hiyo ilijaa ukuta, kila unyoya ukionekana. Waliomcheka Jicho wakanywea. Mwalimu mkuu akasema, "Angalieni subira ya mtoto huyu!" Makofi yakalia.

Ndipo mdogo wake akaja na shangazi. Akasogea, akaweka kidole kwenye makucha ya mwewe.

"Dada, huyu si Kidoti?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. "Kidoti, njoo kwa mama!" mmoja akaigiza.

Mtoto hakulia. Alibaki kulitazama lile doa jeusi. Shangazi akainama, akafuata kwa ukucha mstari mwembamba mweupe ulioning'inia kutoka mguu wa kifaranga.

"Uzi huu umetoka wapi?"

"Labda kwenye kiota..."

"Jicho."

"Nilimfunga mimi."

"Sema wakusikie."

Akasema. Safari hii hakuna aliyecheka. Jicho akaibandua picha kwa mikono yake mwenyewe.

"Kamera sikunyang'anyi," shangazi alimwambia. "Utarudi palepale uani, ukae mpaka umpate mwewe bila uzi."

Majuma yalipita. Hatimaye alipata picha moja yenye ukungu: bawa limeinama, mwewe akigeuka. Akampelekea mdogo wake. Mtoto alitazama makucha kwanza.

"Hajabeba kitu?"

"Hajabeba kitu."

Akairudisha, akaenda zake. Boksi la viatu lilikuwa bado kando ya jiko, tupu.

"Bado amenuna, shangazi," Jicho alisema akilengwa na machozi.

Shangazi akamvuta karibu. "Kile kitendawili sasa nakitupa, maana umekielewa: kamera humkamata kiumbe bila kumgusa wala kumdhuru. Ukimtesa kiumbe ili upate sifa, kisha ukawadanganya watu, sifa hiyo umeiba. Kusema kweli umeshasema, na umefanya vizuri. Lakini mdogo wako atakusamehe siku atakayotaka yeye, si siku unayotaka wewe."