Matope Yaliyooshwa kwa Karai

Kila asubuhi Damaris aliteka maji mtoni, mbali na kwao Nyatike. Akirudi, uji wa watoto umeshakuwa chakula cha mchana. Mumewe, Zablon, alichimba visima viwili karibu na nyumba, vyote vikatoa vumbi. Sasa alikuwa na nguvu ya kuchimba kimoja tu kabla kiangazi hakijakaza.

Ndipo wageni wakaja, wakaomba kuzamisha mabomba ya kuchukulia udongo katika shamba la chini. Kiongozi wao alikuwa Emmaculate, mtafiti wa udongo, mzaliwa wa Kosele.

"Wanasema wanatafuta hali ya hewa ya zamani," Zablon alisema.

"Hali ya hewa iko juu, Baba Cliff. Hawa wanachimba chini! Migori hii watu wanachimba nini? Si ni dhahabu?"

Emmaculate kuongea Dholuo, lugha ya kwao, kulimzidishia Damaris shaka. Kikulacho ki nguoni mwako. Wageni walipokwenda kula, alichukua bomba moja, akamwaga matope yake kwenye karai. Akayaosha kwa maji aliyoyabeba kichwani, akizungusha karai kama wachimba dhahabu. Hakuna kilichong'aa.

Emmaculate akamkuta hapo hapo.

"Yawa, Mama! Umeosha hiyo?"

"Dhahabu mmeficha wapi?" Damaris alijibu, hana hata aibu.

Emmaculate alikasirika kweli. Kisha akapasua bomba jingine kwa urefu.

"Angalia, Mama. Matope inajipanga. Ya chini ilitangulia, ya juu ikafuata. Hii nyeusi iko na konokono: hapa kulikuwa kinamasi. Hii vumbi laini ililetwa na upepo, ukame ulipokaa miaka mingi. Ukiosha, miaka yote inachanganyika."

Damaris alitazama karai lake. "Na hizi kokoto ndogo, mbona ni za mviringo?"

"Wapi?" Emmaculate aliinama haraka. "Hizo zimesuguliwa na mto. Mto ulipita hapa zamani! Mchanga wake unaweza kushika maji. Lakini uko chini kiasi gani? Bomba hiyo ndiyo ingetuambia."

Hapo aibu ikamshika Damaris barabara. Kisima cha mwisho cha familia alikuwa amekivuruga kwa mikono yake.

"Nyathina, mwanangu, nisamehe. Zamisheni lingine. Nitalishika mimi mwenyewe."

Walizamisha. Chini ya udongo mzito, mchanga ulitoka umelowa. Zablon na majirani wakachimba papo hapo, wakafikia maji. Emmaculate aliwakataza kuyanywa.

"Huku zebaki ya migodi inaweza kuingia majini. Tupime kwanza."

Majibu ya maabara yalipotoka, maji yalikuwa salama. Zablon akajenga ukingo na kuweka kifuniko. Damaris akanywa kikombe kizima, akaketi chini, akalia mbele ya watu.

Kesho yake aliamka alfajiri kwa mazoea. Alifika mlangoni, akakumbuka kwamba hakuna safari ya mtoni. Akarudi kulala.