Springi ya Kisanduku

Mlango wa ukaguzi wa uwanja wa ndege ulimpigia sonara kelele mara tatu: mkanda, funguo, saa. Foleni ikaanza kuguna. Dada aliyemfuata, gauni la pamba la kijani na viatu vya mpira, akapita kimya.

"Dada, huna hata kifungo cha chuma?"

"Kazi yangu hairuhusu. Chuma kwangu ni nuksi."

"Na mimi nakula kwa vyuma. Basi tumekosana kabla ya salamu."

Akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza sonara.

Dada alikuwa mtaalamu wa vihisi vya kwanta, vifaa vinavyotumia atomi kupima usumaku hafifu wa miamba ardhini. Alikuwa akiunda kimoja cha kumwongoza rubani kwa ramani ya usumaku huo, pale satelaiti zinaponyamaza. Jaribio la angani likifaulu, angepelekwa ng'ambo miaka mitatu. Sonara aliambiwa mapema, naye alikuwa na mama aliyepooza wa kumuuguza. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Wakapendana.

"Vua saa kwanza ndipo unikumbatie," dada alikuwa akimtania.

Asubuhi ya jaribio, sonara akamtumbukizia pete mfukoni mwa koti la kazi, aikute hukohuko angani. Ilikuwa dhahabu tupu. Aliipitishia sumaku, haikutikisika. Kisanduku chake hakukipima, na bawaba ilikuwa na springi ya chuma.

Kihisi kikaiona springi badala ya miamba, kikaonyesha ndege iko mbali na ilipo. Bosi wa dada akasimamisha jaribio. Jioni dada akaingia dukani na koti mkononi.

"Jaribio limeanguka. Wewe ni sonara, unajua chuma kuliko mtu yeyote mjini. Umefanya makusudi nisiende!"

"Mpenzi, naapa..."

"Usiniite mpenzi."

Akaiacha pete mezani na kisanduku chake, akatoka mvuani. Sonara alipiga simu, hazikupokelewa. Usingizi ukamhama. Kusingiziwa kulimuuma, lakini kilichomtafuna zaidi ni kwamba aliposikia jaribio limeanguka, jambo la kwanza alilohisi lilikuwa furaha.

Akakichukua kisanduku hadi kwa bosi. "Kosa ni langu, yeye hakujua. Mpeni nafasi nyingine." Bosi akakisogeza karibu na kihisi, mstari kwenye skrini ukaruka. Jaribio likarudiwa, likafaulu.

Simu ikaita.

"Bosi ameniambia. Nisamehe, mpenzi wangu. Nilikudhania vibaya."

"Yamekwisha. Hongera."

"Ulijua nikifaulu naondoka?"

"Nilijua."

"Basi twende wote."

"Na mama nimwachie nani? Hata kujigeuza kitandani hawezi."

Walilia kila mtu upande wake.

Siku ya safari dada alipitia dukani, macho yamevimba, teksi ikiunguruma nje.

"Niambie nisiende," alisema. "Neno moja tu, nabaki."

Sonara alijua si mzaha. Angebaki kweli, na kila ndege ikipita juu ya mji angenyanyua macho, kazi yake iko mikononi mwa mwingine. Katika chumba cha nyuma ya duka, mama akakohoa.

"Begi lako zito," sonara alisema. "Lete nikubebee mpaka kwenye gari."