Kabureta ya Nyuma

Jua lilikuwa linazama fundi Inchi alipotoka chumbani kwa bintiye kwenda gereji kumalizia gari la watu. Ni hatua kumi na mbili tu kutoka mlango wa nyuma; unainama chini ya kamba ya nguo, umefika. Alimwambia mkewe atarudi kabla chai haijapoa.

Huyu Inchi msidhani ni mfupi. Ni mrefu wa kugonga kichwa kwenye milango. Jina lilitokana na spana zake. Mafundi wenzake wote walikuwa na spana za milimita, za magari ya siku hizi. Yeye aling'ang'ania magari ya zamani ya Kiingereza ya mbio, yale ya viti viwili, paa la turubai na taa za duara, ambayo nati zake hupimwa kwa inchi. Walimcheka sana. Na magari yenyewe yanavuja oili tangu siku yalipozaliwa. Yeye aliwaambia wateja, ukiona limeacha kuvuja usishangilie, limekauka. Lakini aliyapenda, bwana. Ungemkuta anayabembeleza kama ng'ombe wa kukamua.

Jioni hiyo hakuwa na mzaha hata chembe. Binti yake, mtoto wa miaka tisa, wiki ya tatu sasa alikuwa hapumui vizuri. Walimwita Chiriku kwa vile mdomo wake haukuwahi kupumzika tangu alipojua kusema. Sasa alikuwa akitoa neno moja, anatulia, anatafuta hewa, ndipo anatoa la pili. Hospitali walimpiga picha ya kifua. Wakampa dawa ya kuvuta. Wakabadilisha dawa, wakampiga picha tena. Asubuhi hiyo daktari aliwaambia mapafu ni masafi kabisa, warudi kesho waonane na mkubwa wake.

"Masafi," mkewe alisema walipofika nyumbani. "Kwa hiyo nimzike na mapafu yake masafi?"

Inchi alikuwa na hofu tu, na gari la kijani ambalo mwenyewe angelifuata jioni hiyo.

Gari lilikuwa katikati ya gereji, boneti wazi, injini inanguruma polepole. Aliliacha hivyo lipate moto, maana kabureta hazirekebishwi injini ikiwa baridi. Kabureta ndiyo pua ya injini. Hapo hewa huingia ikakutana na petroli. Magari haya yana mbili, ya mbele na ya nyuma, na lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo gari litachechemea. Wenye pesa zao wana kifaa cha kupimia. Inchi alikuwa na kipande cha mpira wa maji. Ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza mvumo. Unahamia ya pili. Unageuza skrubu kidogo kidogo mpaka milio ifanane. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na sita.

Aliweka mpira kwenye kabureta ya mbele.

Ssss... kimya... hhhh...

Akautoa mpira, akaufuta, akaurudisha.

Ssss... kimya... hhhh...

Injini huvuta tu. Haitoi. Ukiisikiliza kabureta nzima utasikia hewa ikienda ndani, ndani, ndani, kama maji yanaingia bombani. Hii ilikuwa inaingiza na kutoa. Tena ilikuwa na harufu, si ya petroli. Harufu ya dawa ya kuchua, na ya mashuka yaliyolaliwa siku nyingi bila dirisha kufunguliwa.

Akahamia ya nyuma.

Ya nyuma ilikuwa fupi. Ndogo. Inavuta kwa shida, na mwisho wake kuna kifilimbi chembamba... fii...

Kifilimbi hicho alikijua. Alikuwa amelala pembeni mwa kifilimbi hicho usiku ishirini na moja mfululizo.

Dirisha la Chiriku linatazamana na gereji, na lilikuwa wazi. Sikio la kulia likawa kwenye mpira, la kushoto akaligeuzia dirishani. Fii... upande huu. Fii... upande ule. Kwa pamoja, bila kupishana hata nukta.

Na hapo injini ikakohoa. Sasa sikilizeni kosa la fundi. Injini ikikohoa, fundi wa kabureta hafikiri. Kiganja chake kinakwenda chenyewe kuziba mdomo wa kabureta, ili injini ivute kwa nguvu na kuondoa uchafu ulioganda ndani. Mkono wake ulikwenda. Akaziba ile ya nyuma, akabana.

"Baba Chiriku!" Mkewe, kutoka ndani. "Njoo, amekata pumzi! Njoo!"

Akautoa mkono kama aliyeshika moto.

Kimya. Kisha sauti ya mkewe tena, chini, inalia. "Amerudi... tulia mama, tulia, pumua hivyo hivyo..."

Inchi alibaki ameutazama mkono wake. Alitaka kukimbia ndani. Badala yake, polepole, akaziba kabureta ya mbele.

Kifua chake mwenyewe kikafunga. Hewa haikuingia, haikutoka. Macho yakaanza kuona nyota. Akauondoa mkono, akaegemea ubavu wa gari akihema, na akaelewa kwa nini wiki hizo tatu amekuwa akipanda ngazi tatu tu anachoka, akidhani ni uzee na moshi.

"Nani alipuliza?"

Mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni. Hakusikia hata hatua zake. Mama mwembamba, koti la kiume mabegani, glavu za ngozi mikononi, mpole wa kupita kiasi. Alikuwa na harufu ile ile ya chumba cha mgonjwa.

"Fundi, nakuuliza. Nani alipuliza?"

Inchi akakumbuka. Siku alipolileta gari, mama huyu aliomba jambo moja tu: akisafisha kabureta atumie pampu ya upepo, asitumie mdomo. Siku ya pili umeme ulikatika. Pampu ikawa chuma tu. Zilibaki jeti mbili, vile vijibomba vyembamba vya shaba ambamo petroli hupita, zimeziba uchafu wa miaka. Akafanya wanavyofanya mafundi wote tangu zamani. Aliweka jeti ya mbele mdomoni, akapuliza. Chiriku alikuwa amekaa juu ya tairi anapiga domo. Baba na mimi, baba na mimi. Akampa ya nyuma. Mtoto akapuliza mpaka mashavu yakavimba, wakacheka wote wawili, kisha mama yake akawagombeza kwa kunuka petroli mezani.

"Mimi," akasema. "Ya mbele. Ya nyuma ni... ni binti yangu."

Yule mama alifumba macho kidogo. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Nilikuambia pampu."

"Mama, mtoto wangu anakufa."

"Najua. Gari likiwaka anapata pumzi kiasi. Likizimwa inabaki ndogo. Mtu mzima anaweza kuishi nayo. Mtoto hawezi." Akaligusa gari kwa ncha ya kidole. "Mume wangu alikuwa fundi kama wewe. Aliipuliza ya mbele. Alidumu miaka kumi na mmoja."

"Na ya nyuma?"

"Tulikuwa na mtoto," akasema.

Inchi akashika nyundo. Atalivunja. Atalichoma moto na gereji nzima. Yule mama akasogea pembeni kumpisha, akamwambia kwa sauti ile ile ya chini kwamba hata yeye aliwahi kushika nyundo, na kwamba alivunja taa moja tu, asingependa kusimulia yaliyofuata. Nyundo ikaanguka yenyewe.

"Mtoto anatokaje humo?" Inchi alinong'ona. Alikuwa amepiga magoti bila kujua. "Niambie tu anatokaje. Nitafanya."

"Akiingia mwingine mahali pake. Kwa pumzi yake, kwa hiari yake." Akatazama dirishani. "Lakini jeti haitoki injini ikiwa inazunguka. Itabidi uizime."

Hakusubiri kumaliza kuambiwa. Alizima.

Gereji ikawa kimya. Kutoka dirishani, kifilimbi kikawa chembamba zaidi... fii... kikawa uzi... 

Akalala chini ya kabureta ya nyuma. Nati ya jeti iko chini, penye joto, na injini ilikuwa ya moto wa kuunguza. Spana ya nusu inchi. Ikateleza. Akarudisha. Kule ndani mkewe alikuwa akiita jina la mtoto, si lile la utani, lile la cheti, na kila akiliita sauti yake ilizidi kupanda. Nati ikalegea. Petroli ikammwagikia machoni. Akavuta jeti kwa vidole, ngozi ikabaki kwenye chuma, hakujali.

Dirishani hakukuwa na kifilimbi tena.

"Baba Chiriku... hapumui... hapumui huyu..."

Akaweka jeti mdomoni. Ladha ya petroli, na chini yake ladha ya maziwa, ya mdomo wa mtoto aliyelala. Akapuliza. Alipuliza pumzi yote aliyokuwa nayo, akasikia kitu kikimtoka chini kabisa ya mbavu, mahali ambapo hakujua pana kitu cha kutoka. Akairudisha jeti, akafunga nati kwa mkono, akakaza. Alitambaa mpaka kwenye ufunguo.

Injini ikazunguka. Ikazunguka... haikushika.

"Tafadhali," akaliambia gari. "Nakuomba, mama yangu, tafadhali."

Ikashika.

Hakusikia chochote kwanza, injini tu. Kisha dirishani:

"Mama mbona umenibana hivyo unaniumiza, na kwa nini unalia, na chai yangu iko wapi, na baba kaenda wapi na giza hili?"

Maneno yote hayo kwa pumzi moja. Inchi akaweka kichwa kwenye usukani, akalia.

Baadaye aliinuka, akachukua mpira wake, akamaliza kazi, angeachaje? Alisikiliza ya mbele, akasikiliza ya nyuma, zote mbili sasa pumzi yake mwenyewe, akageuza skrubu mpaka zikapumua pamoja. Yule mama aliingia garini, akavaa mkanda.

"Uendeshe taratibu, mama," Inchi akamwomba.

"Ninakokaa kuna mlima mrefu," akasema, na alionekana kuona haya.

Gari likatoka. Mkewe alikuja mbio, kanga imedondoka begani, anacheka na kulia, akamwambia kifua kimetulia, kimetulia kabisa, mtoto anataka kula. Akamkuta mumewe ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili, mdomo wazi, machozi yanatiririka. Alidhani ni furaha. Akamkumbatia. Mbali kule, gari la kijani lilikuwa linapanda mlima.

Hiyo imepita miezi minane. Chiriku ni mzima. Walimu wanalalamika anaongea darasani. Daktari alimpima Inchi akamwambia mapafu yake ni masafi. Namba ya simu aliyoiacha yule mama inapokelewa na kinyozi ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Inchi ameulizia kila gereji na kila kituo cha mafuta, na hakuna aliyeona gari la kijani la viti viwili.

Lazima alipate, kwa sababu fundi yeyote atakuambia kabureta mbili hazikai sawa milele. Skrubu hulegea zenyewe kwa mtikisiko. Miezi mitatu, minne, moja inavuta zaidi ya mwenzake, na gari linaanza kuchechemea. Tangu mwezi uliopita upande mmoja wa kifua chake unaingiza hewa kabla ya mwingine. Mkewe anaweka sikio mgongoni pake usiku, anasikiliza.

Mchana anakaa gereji mlango wazi, anamsikiliza binti yake akipiga domo uani huku akiruka kamba, anahesabu maneno anayoyatoa bila kupumzika. Yakifika ishirini, thelathini, anatabasamu. Kisha jioni inaingia, mahali fulani ufunguo unageuzwa, na Inchi anashika nguzo ya mlango, anasubiri kuona kama leo atawaka.