Sauti Isiyo na Mwenyewe

Wa kwanza kusukuma sahani alikuwa Serge, dereva wa mota, pikipiki ya abiria, ambaye kwa miaka minne ya kula kwa mama Dorcas hakuwahi kubakiza hata mfupa. Siku hiyo alimeza tonge moja la fufu, akanusa vidole, akamtazama mwenye mgahawa kama mtu aliyedhulumiwa.

"Mama Dorcas, hii sombe unapika na nini? Iko nanuka klore."

"Klore itatoka wapi? Bomba iko ya kufunga tangu juma mbili. Siye tunapikaka na mayi ya mvua."

Dorcas alicheka, tena alicheka kupita kiasi. Aliporudi jikoni alifunua sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na harufu ikampanda puani, kali, ile ile ya maji yaliyotoka kutiwa dawa. Akafunua maharagwe: klore. Akafunua pipa la maji ya mvua: klore. Fifi, mdogo wake aliyekuwa akisonga fufu, alinusa naye akaziba pua.

"Pipa itakuwa na uchafu," Dorcas akasema upesi. "Kesho tutasugua."

Walisugua mpaka kucha zikauma, na kesho yake harufu ilikuwa palepale. Fifi alishangaa. Dorcas hakushangaa, ila alijitia kushangaa, maana alikuwa na sababu zake.

Majuma mawili nyuma, bomba la mtaa wao pale Nyakasanza lilikuwa na mlinzi, muzee Gaspard, mtu mpole mwenye kofia ya sufu, aliyepanga foleni na kutia klore, dawa ya kusafisha maji, ndani ya tangi kila Jumatatu. Jumatatu hiyo Dorcas alifika na bidoni kumi za kutekea maji, akataka kupita mbele ya wote kwa kuwa wateja wa mchana walikuwa karibu kuingia.

"Mama, ata ukuwe na resto, foleni ni foleni," Gaspard alimwambia, na kina mama wote wakaangua kicheko.

Dorcas akarudi nyuma uso ukimwaka. Zamu yake ilipofika, muzee alikuwa akimimina unga mweupe tangini, naye akamwuliza kwa ukali ni kitu gani anawalisha watu.

"Ni klore, mama. Angalia kopo," Gaspard akajibu bila kinyongo, akamgeuzia kopo asome.

"Naona," Dorcas akasema.

Aliona kweli. Hata hivyo alipofika nyumbani kile kicheko kilikuwa bado kinamwasha masikioni, akajifungia chumbani, akashika simu, akamnong'onezea jirani mmoja ujumbe wa sauti: "Mujichunge na ile mayi! Ule muzee iko natia sumu mu tangi. Nimemuona na macho yangu." Alitaka tu muzee aaibike kidogo, naye acheke. Jirani akaurusha ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kundi likaurusha kwingine, na kabla jua halijashuka vijana walikuwa wamemfuata Gaspard bombani kwa mawe. Alifariki siku ya tatu. Bomba likafungwa. Dorcas akafuta ujumbe, jirani naye akafyata ulimi kwa kuogopa sehemu yake, na kwa kuwa ulikuwa mnong'ono, hakuna mwingine aliyeitambua sauti.

Wateja walikuwa wakiuliza wakila, "Ule mama wa audio ni nani?" Naye, huku akiwapakulia, alikuwa akijibu, "Miye sijui. Ile sauti siijui kabisa." Alilijibu hilo mara nyingi mno. Aliona haya kila mara, na kila mara akalisema tena, maana waliomponda Gaspard kwa maneno yake wangemponda na yeye.

Siku ya tatu ya harufu ile, saa saba mchana, watu kama kumi na watatu walikuwa mezani. Simu ya Serge, iliyokuwa imelala kando ya sahani, iliwaka yenyewe. Ikanong'ona: "Mujichunge na ile mayi." Serge akaigeuza kifudifudi akidhani ni mchezo wa mtu, na papo hapo simu ya jirani yake ikawaka, kisha ya mwalimu aliyekaa mlangoni, kisha zote, hata ile ya Fifi iliyokuwa imeisha chaji tangu asubuhi, zikinong'ona kwa pamoja maneno yale yale kwa pumzi ile ile, si kwa kelele bali taratibu, karibu na sikio, hata kila mtu akageuka kutazama nani amesimama nyuma yake. Watu walitoka mbio wakiacha viatu. Dorcas alibaki ameshika mwiko, akisikia sauti yake mwenyewe ikitoka hata kwenye sufuria.

Ornella, binti yake wa miaka sita, alirudi kutoka shule akamkuta hivyo.

"Umeshinda muzuri, mama?" Dorcas akamwuliza, akijilazimisha kutabasamu.

Mtoto alifungua kinywa. Midomo haikucheza. Kinywa kilikaa wazi tu, kama cha mtu anayepiga mwayo, na kutoka ndani kabisa ya koo lile dogo ukatoka mnong'ono wa mama mtu mzima: "Ule muzee iko natia sumu mu tangi. Nimemuona na macho yangu."

Tangu hapo Ornella hakuwa na neno lingine. Baya zaidi, hakunywa. Maji ya mvua, maji ya chupa, hata chai: kikombe kikimkaribia alikikwepa kwa hofu, na ule mnong'ono ukaanza upya. Kwenye kituo cha afya walimtundikia dripu, naye akaing'oa mara mbili huku akinong'ona, mpaka muuguzi akakataa kumkaribia. Siku ya pili midomo yake ilikuwa imepasuka na macho yamezama, na Fifi akakimbia kumwita mama Élise, mama mnene wa chumba cha maombi, asiyejua kumbembeleza mtu.

Mama Élise alimpaka mtoto mafuta, akaomba mpaka jasho likamlowesha kitenge, kisha akanyamaza ghafla na kuweka sikio kwenye kifua cha Ornella.

"Ni muzee Gaspard?" Fifi akauliza kwa sauti ya chini.

"Apana. Gaspard amelala, mumuache. Hii ni jini. Kuko yenye inakaa mu mayi, kuko yenye inakaa mu pori. Hii inatafutaka sauti yenye mwenyewe ameikana. Ikiipata, inaingia, inafanya nyumba." Akainua macho, akamkazia Dorcas. "Miye siwezi kuifukuza. Nitaitoa namna gani, na mwenye nyumba hataki kusema nyumba ni yake?"

Dorcas alimtazama mtoto wake, akawaza mawe, akajichukia kwa kuyawaza kwanza. Kisha akamfunga Ornella mgongoni, akatoka.

Clarisse, mjane wa Gaspard, alikuwa uani akimenya mihogo. Dorcas alipiga magoti mbele yake, mama Élise amesimama nyuma.

"Mama Clarisse, unisamehe. Ile audio ni yangu. Ni miye nilituma." Akaongeza upesi: "Lakini sikujua. Haki ya Mungu, nilifikiri ni sumu ya kweli."

Kisu cha Clarisse kilisimama kwenye muhogo. Mgongoni mwa Dorcas mtoto akawa mzito ghafla, mzito na baridi mpaka magoti yakazama kwenye udongo, na pumzi yenye klore ikamgusa sikio, na ule mnong'ono ukaanza tena, mujichunge na ile mayi, ule muzee iko natia sumu, ukaenda mpaka mwisho ambapo siku zote ulikuwa ukikatika, ila safari hii haukukatika, ukaendelea mbele, ukageuka kuwa sauti ya mwanamume, sauti pole ya mzee ambayo Clarisse alikuwa ameisikia kila asubuhi kwa miaka thelathini: "Ni klore, mama. Angalia kopo." Na baada yake sauti ya Dorcas, wazi, bila kunong'ona: "Naona."

Clarisse akaweka kisu chini.

"Alikuonyesha kopo?"

Dorcas alitamani kusema hapana. Hata pale, na mwanawe akimfia mgongoni, bado alitamani.

"Alinionyesha," akasema. "Nilisoma. Nilijua ni klore, mama Clarisse. Nilijua. Nilikuwa tu na kasirani juu ya vile batu walinicheka. Ile sauti ni yangu, na uongo ni yangu."

Uzito ukamtoka mgongoni mara moja. Harufu ikaondoka, ikabaki ya mihogo mibichi na moshi wa jirani. Kisha kilio cha mtoto, chembamba, cha kwake mwenyewe:

"Niko na kiu."

Mama Élise akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Clarisse hakumshukuru mtu. Alimtazama Dorcas, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta.

"Kesho utasema ivi ku bomba," akasema, "mbele ya batu bote. Kama watakupiga, miye sitawakataza."

"Nitasema."

Clarisse akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akamkabidhi Dorcas bila kumtazama usoni. Dorcas alimfungua mtoto mgongoni, akamkalisha mapajani, akakisogeza kikombe mdomoni mwake.

Ornella akafumba mdomo. Alimtazama mama yake kwa macho yake mwenyewe, macho ya mtoto aliyekuwamo siku zote na aliyesikia kila neno.

"Apana weye," akasema.

Akashuka mapajani, akamwendea Clarisse na kunyoosha mikono yote miwili. Clarisse alisita, kisha akakichukua kikombe kutoka kwa Dorcas, akachuchumaa, akamnywesha. Ornella alikunywa chote, akaomba kingine.