Mama Alipeleka Matokeo Yangu Chuoni

"Nekesa Opicho? Huyo si alishaingia! Yuko darasani."

Karani wa chuo cha ualimu alinijibu bila hata kuinua kichwa.

Jamani... Nekesa Opicho ni mimi!

"Muite basi nimuone."

Akaja. Alikuwa Mirriam, mpenzi wa kaka yangu Patrobas. Na sketi aliyovaa ilikuwa yangu!

Ndiyo hiyo hiyo, wasomaji wangu. Kweli kabisa.

Mwaka ni 1990. Sisi ndio tulikuwa kidato cha sita cha mwisho Kenya. Mtihani ule ulikuwa umefutwa, hakuna kurudia. Nilikuwa nimepita vizuri, nikampa mama matokeo ayapeleke, maana alisema ana mtu wake pale chuoni. Nikangoja jibu mpaka nikachoka.

Nilirudi nyumbani, mtaa wa Baba Dogo, Nairobi. Mama alikuwa anachambua mboga ya sukuma wiki.

"Mama, umempa Mirriam matokeo yangu?"

"Unapigia nani kelele? Wewe utaolewa, hayo masomo uende nayo kwa watu. Mirriam anakuja hapa kwetu."

"Na mimi?"

"Shika hii sufuria."

Mnaona huo uchafu? Lakini ningempeleka mama mzazi polisi? Nikashika sufuria.

Mirriam akamaliza, akapata kazi ya ualimu kwa jina langu. Hata kitambulisho akachukua kwa jina langu! Harusi ikapangwa. Siku ya kumwona padri, mama akanibebesha chupa ya chai.

Padri akashika vitambulisho viwili. Akakunja uso...

"Patrobas Opicho. Nekesa Opicho. Kijiji kimoja. Mama, hawa si ni ndugu?"

Mama akisema ukweli, Mirriam anapoteza kazi, na yeye na mama wanafungwa.

"Ni ndugu, Fada," mama akasema. "Huyu dada yake amemsindikiza tu. Bibi harusi ni yule pale mwenye chai. Anaitwa Mirriam."

Akaninyooshea kidole. Mimi! Niolewe na kaka yangu wa tumbo moja!

Padri akanigeukia.

"Ni kweli, binti? Unaitwa Mirriam?"

Nikaweka chupa chini.

"Naitwa Nekesa Opicho, Fada. Huyo mama ndiye alinizaa."

Habari zikafika kwa mwajiri, Mirriam akafutwa kazi. Mimi nikaingia chuo mwaka uliofuata, lakini chakula cha mama hakipiti kooni mpaka leo.

Mdogo wangu, matokeo yako yapeleke kwa mkono wako mwenyewe. Usimtume mtu. Hata aliyekuzaa!